Shavu la Numbi

Wiki iliyopita binti yangu aling'oka jino lake la kwanza. Alikuja nalo jikoni kiganjani, likiwa bado na damu kidogo, akaniuliza tunalitupa wapi. Wenzake walishamwambia kwamba jino hutupwa juu ya bati, lakini alitaka kusikia kwangu. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, nikainamia sufuria. Mama yangu, ambaye anakaa nasi tangu Papa, baba yangu, alipofariki, akamshika mkono akampeleka uani. Nikasikia jino likigonga bati na kuteleza, na mtoto akipiga makofi. Mimi nikaendelea kusonga mpaka bukari ikaungua chini.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike aliyeitwa Numbi. Nimekaa miaka mingi bila kulitamka jina hilo, na si kwa kusahau.

Tulikuwa tunakaa hapahapa Kamina, kwenye kambi ya reli, katika zile nyumba za matofali zilizojengwa mbilimbili na ukuta mmoja katikati, jirani akikohoa unampa pole bila kutoka nje. Papa alikuwa mfungaji wa mabehewa. Kazi yake ilikuwa kuyaunganisha na kuyaachanisha pale stesheni, na mikono yake ilinuka grisi hata siku ya misa. Mama alikuwa anauza karanga za kukaanga. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na Numbi sita na nusu. Ile nusu aliitaja mwenyewe kwa kila aliyemuuliza. Alikuwa mtoto mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na aliimba kutwa nzima: akichota maji, akivaa, hata akiwa chooni.

Kila siku tukitoka shule tulimenya karanga. Mama alikataza tusile kazini. Tukimaliza ndipo kila mmoja alipewa kiganja chake. Siku moja nikaona shavu la kushoto la Numbi limejaa kidogo, kama la mtu aliyeficha karanga tano au sita. Nikamwambia ateme. Akasema hana kitu. Nikamwambia tena, akaapa. Basi nikamwangusha kwenye maganda, nikamkalia, nikamfungua mdomo kwa nguvu na kuingiza kidole. Sikukuta karanga. Nilikuta ufizi mgumu na wa moto, na gego moja likachezacheza chini ya kidole changu kama punje iliyokauka ndani ya ganda. Numbi akalia. Nikamtisha kwamba akisema kwa Mama nitamchapa. Hakusema.

Siku zilizofuata meno yalianza kutoka. Kwangu mimi, miaka ile, meno ya mbele yalikuwa yamening'oka moja moja, kwa uvumilivu na uzi. Ya Numbi yalitoka magego matatu katika wiki moja, bila kuvutwa. Niliona wivu, nasema kweli. Tuliyatupa juu ya bati, yeye akaimba kuomba mapya, nami nilisimama pembeni nikijaribu yangu kwa ulimi kuona kama kuna lililolegea.

Wakubwa waliona ni jino bovu. Muuguzi wa zahanati alisema ni jipu la ufizi, akamdunga penisilini siku tano. Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, alifika kutoka Kinkondja na kikapu cha samaki wakavu, akatwanga majani na kumbandika. Shavu halikusikia. Liliendelea kupanda mpaka likaanza kusukuma jicho, na watoto pale bombani wakawa wanamkimbia Numbi huku wakicheka. Nilimpiga mmoja wao kwa ndoo. Kwa muda ule wote sikuogopa. Nilidhani ni jino kubwa mno linatafuta njia ya kutoka, na kwamba litakapotoka tutalitupa kama yale mengine.

Siku walipompeleka hospitali kubwa sikuenda. Papa aliporudi alisimama uani akazungumza na jirani juu ya ukuta, kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma ya mlango. Alimwambia kwamba daktari ameshika shavu, akashika na tumbo, kisha akasema ni kansere, lazima mtoto apelekwe Lubumbashi. Mimi nilisikia konsere. Kila Pasaka kwaya ya parokia yetu ilikuwa inafanya konsere, tamasha la nyimbo, na watoto waliochaguliwa walishonewa mashati meupe na kupewa soda. Nikaelewa kila kitu mara moja: Numbi amechaguliwa kwa sababu ya ile sauti yake, atapanda treni, ataimba Lubumbashi, nami nitabaki na maganda. Nilinuna siku nzima. Jioni nikamfuata Nkambo pale alipokuwa anachagua mboga, nikamwambia hata mimi najua kuimba.

Alinitazama sana. Kisha akanivuta akanikalisha mapajani, ingawa nilishakuwa mkubwa.

"Imba basi," akasema. "Niko nasikia."

Nikamwimbia wimbo mzima. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, nami nikaamini nimeimba vizuri kuliko Numbi.

Wafanyakazi wa reli walikuwa na haki ya kusafirisha familia zao, kwa hiyo Mama na Numbi walipata nafasi kwenye treni iliyofuata. Tukabaki Papa, Nkambo na mimi. Treni ya kwenda Lubumbashi ilikuwa inachukua siku ambazo hakuna aliyeweza kuziahidi, na habari zilirudi kupitia midomo ya wenzake Papa. Katika kusubiri huko ndipo mtoto wa jirani aliponifafanulia kansere ni nini. Nilipomwambia Numbi amekwenda kuimba, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wangu, akanyamaza. Alisema ni ugonjwa unaokula mtu ndani. Usiku nilikuwa nalala nikiwa nimeshika shavu langu.

Mvua zilikuwa zimeanza waliporudi. Papa alimbeba Numbi mabegani kutoka stesheni hadi nyumbani, na akina mama wa parokia wakaja nyuma wakiimba. Shavu lilikuwa limelala kabisa. Jicho lilikuwa mahali pake. Kichwa hakikuwa na hata unywele mmoja, kiling'aa kama kibuyu, na watu walikishika kwa zamu wakimshukuru Mungu. Nkambo alichinja kuku aliyekuwa amemfunga mguu tangu siku walipoondoka.

Lakini aliyerudi hakuwa yule aliyeondoka. Hakuimba. Mtu akigonga mlango alikuwa anaingia nyuma ya pazia. Siku ya tatu au ya nne tulikaa wawili nyuma ya nyumba, kwenye jua la asubuhi, akanyanyua nguo akanionyesha mgongo. Chini, katikati ya uti, kulikuwa na alama ndogo ndogo kama za kuumwa na mbu. Akanieleza polepole. Sindano za mkono alikuwa amezizoea, na zile chupa zinazodondosha dawa pia. Ile ya mgongo hakuizoea. Walimkunja magoti mpaka kidevuni, mtu mmoja akamkamata miguu, mwingine mabega.

"Na Mama njo alikamata kichwa," akasema. "Alikuwa analia, lakini hakuachia."

Daktari alikuwa ametaka warudi mara mbili zaidi, na wasichelewe. Hayo niliyasikia yakisemwa mezani, na sikuona maana yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliona shavu. Ugonjwa ulikuwa umekwisha, kila mtu alikuwa amekula kuku wa kuisha kwake, sasa wanamrudishia nini mtoto kwenye sindano? Niliona wakubwa hawajui kuhesabu.

Papa akaleta habari kwamba kuna treni siku ya Alhamisi, itaondoka mchana. Alhamisi asubuhi Mama alikuwa ameshafunga mzigo ndani ya kitenge na kwenda kuaga majirani. Numbi alinikuta nikiosha sahani. Alikuwa amevaa gauni lake la safari na sapato zake, viatu vyekundu vya plastiki.

"Yaya," akasema, "minyi sitaki kwenda kule. Unifiche."

Hakulia. Alisema kama mtu anayepeleka shauri lake kwa mkubwa, akiwa hana shaka kwamba mkubwa ataweza. Nami nilikuwa yaya, dada yake mkubwa. Niliifuta mikono, nikajaza mfuko karanga, nikamshika mkono tukatokea nyuma.

Mbali kidogo na kambi, mahali reli za zamani zilipoishia, kulikuwa na behewa la mizigo lililotolewa njiani kabla hatujazaliwa. Magurudumu yalikuwa yamezama ardhini, na majani yalifika kiunoni kwa mtu mzima. Tuliingia tukavuta mlango mpaka ukabaki ufa. Ndani kulikuwa na joto, kulinuka kutu na mahindi yaliyooza zamani, na jua liliingia kwa matundu ya misumari. Tulisikia Mama akituita kutoka nyumbani, jina langu kwanza, kisha la Numbi. Sauti ilisogea, ikaenda upande wa soko, ikapotea. Tulipoona kimya tukaanza kula karanga. Numbi akaanza kunisimulia mambo ya hospitali, si ya sindano safari hii, akaniigiza watu, tukacheka mpaka ikabidi tuzibane midomo.

Kisha honi ikalia. Tukasikia mabehewa yakivutana, moja likiamsha jingine, ule mlio ambao kwetu ulikuwa mlio wa kazi ya Papa.

"Imeenda?" akauliza.

"Imeenda."

Akalala na kichwa chake mapajani kwangu. Kilikuwa cha moto na laini. Nilikaa bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Sijawahi tena, katika maisha yangu, kujiona mtu mwema kama nilivyojiona mle ndani. Nilikuwa nimemwokoa mdogo wangu.

Tulipotoka jua lilikuwa limeinama. Papa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vya kazi, mzigo wa kitenge ukiwa kando yake. Nilijua nitapigwa, na nilikuwa tayari. Hakunipiga. Alimtazama Numbi, akasema treni nyingine itakuja, akaingia ndani. Mama alimwogesha Numbi.

Treni nyingine haikuja upesi. Mvua za mwaka ule zilibeba udongo chini ya reli mahali fulani mbele, na wiki zikapita. Papa alikuwa anakwenda stesheni kila asubuhi kuuliza, hata siku zake za mapumziko. Numbi alikuwa ameanza kuimba tena, kwa sauti ndogo. Kisha mchana mmoja tukila sahani moja, nikaona shavu. La kushoto. Kidogo tu, kama la mtu aliyeficha karanga tano au sita. Nilimwambia afungue mdomo, akafungua, na safari hii niliomba ziwe karanga. Nikamchunguza hadi nyuma ya ulimi. Mdomo ulikuwa mtupu. Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu, nikidhani nisiposema huenda likarudi chini lenyewe. Siku ya tatu Nkambo aliona.

Waliondoka na treni ya kwanza iliyopita, na wakarudi mapema kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyekwenda stesheni kuimba. Dawa ile ilikuwa haishiki tena, na Mama alikuwa ameomba amrudishe mtoto nyumbani. Tukatandika godoro karibu na mlango ili apate upepo. Mimi ndiye niliyemlisha uji, kwa kijiko kidogo, upande wa kulia wa mdomo. Siku nyingine alikuwa anataka nimhesabie mabehewa ya treni inayopita kwa kusikiliza tu, na alikuwa ananisahihisha. Tumbo lilikuwa limejaa sasa, na miguu ilikuwa kama vijiti. Hakuniuliza hata mara moja kuhusu ile Alhamisi. Mara moja tu alinishika kidole akaniambia, "Yaya, ile behewa ilikuwa muzuri." Nilitoka nje.

Asubuhi moja walinituma maji. Bombani foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi na ndoo kichwani nikawaona wanaume wakitoa viti vyetu na meza nje, na kabati, na kwa muda wa hatua kumi hivi niliwaza tunahamia nyumba gani. Nkambo alikuja akanipokea ndoo kabla sijafika mlangoni.

"Tua mayi, mutoto yangu," akasema. "Numbi anaisha kutuacha."

Jeneza lilichongwa na wenzake Papa pale karakana. Waliliweka uani, nami nikaona ni fupi, nikafikiri wamekosea kipimo. Kilio kilichukua siku tatu. Watu walilala kwenye mikeka, akina mama walipika kwa zamu, nyimbo za Kiluba zikafuatwa na za kanisani. Mimi sikulia. Walisema huyu mtoto ana moyo mgumu, wengine wakasema bado haelewi. Nilikuwa naelewa. Nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakukijua.

Mwaka uliofuata nilifundishwa katekisimu na nikaenda kuungama kwa mara ya kwanza. Nilimwambia padri kwamba nimeiba sukari na kumtukana mtoto wa jirani. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna. Nikapokea komunyo na ile dhambi mdomoni, na toka siku hiyo nikaibeba kama mtu anavyobeba kovu chini ya nguo. Niliendelea na shule, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Nkambo alikufa. Papa alistaafu, akaugua, naye akafa, na siku za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake mara nyingi nikiwa na maneno tayari. Sikuyasema.

Basi wiki iliyopita, baada ya jino, Mama alirudi jikoni peke yake. Mtoto alikuwa amekimbilia kwa wenzake. Mama akakaa kwenye kigoda, akanusa harufu ya kuungua, akanitazama mgongoni.

"Unamuwaza Numbi," akasema.

Niliteremsha sufuria. Sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka sitasema. Nikaongea na ukuta.

"Mama, ile siku ya treni, ni minyi nilimuficha. Mu behewa ya zamani."

Nikasikia akijipangusa magoti.

"Najua," akasema. "Nilionaka sapato yake mu majani."

Ndipo nikageuka. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Akaniambia kwamba alikwenda hadi soko, akarudi, akakata kupitia kule nyuma, na akaona ile sapato nyekundu iliyomtoka Numbi mguuni mlangoni pa behewa. Alifika. Mkono wake ulikuwa umeshagusa chuma.

"Kiisha nikasikia Numbi anacheka," akasema. "Tangu tutoke Lubumbashi hakuchekaka. Nikasema, acha acheke kidogo. Kidogo tu, kiisha nibakamate twende. Honi ikalia, na miguu yangu ikakatala."

Alisimama kwenye majani mpaka treni ikaisha kupita. Kisha akarudi nyumbani akamwambia Papa hakutuona, na Papa alikufa akiamini hivyo. Kwenye safari ya pili alimuuliza daktari kama ni ile treni iliyomuua mtoto. Daktari alimjibu kwa upole kwamba wapo watoto wanaopata dawa zote na bado wanakwenda, na wapo wanaokosa na wanapona, na kwamba yeye hawezi kuapa. Mama alisema alishukuru kwa jibu hilo na halikumsaidia kitu. Ndiye aliyekuwa amekamata kichwa, sindano baada ya sindano. Hakuwa na nguvu ya kukikamata tena siku ile, na kwa kukosa nguvu siku moja amejihukumu kila siku.

"Weye nilizania ulisahau," akasema. "Ulikuwa mutoto."

Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Tulikuwa tumekaa nyumba moja, tumekula sahani moja, tumemzika Papa pamoja, kila mmoja akimlinda mwenzake na jambo lilelile. Mama alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto mwenye homa, na tukakaa hivyo hadi makaa yakafifia.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alitaka kujua Numbi alikuwa anacheka nini mle ndani. Alisema amejiuliza miaka yote hii na hakuwa na wa kumuuliza.

Nilikuwa nakumbuka vizuri. Nikaona haya kidogo kumwambia. Numbi alikuwa anamwigiza yeye, Mama. Kule hospitali alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto, akiwa amechoka, na alikuwa anakoroma kiasi kwamba wodi nzima iliamka, na mlinzi akaingia kuuliza nani amewasha mashine humu.

Mama akaniacha kichwa.

"Minyi?"

"Weye, Mama."

"Minyi sikoromake," akasema, kwa ukali kabisa.

Sijui ni nani kati yetu aliyeanza. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimteremka, na mimi pia, kicheko na kilio vikatoka kwa njia moja. Alipopata pumzi akaniambia nimwonyeshe, nifanye vile Numbi alivyokuwa anafanya. Nikalala chali kwenye sakafu ya jikoni, mwanamke mzima na aproni, nikafumba macho. Nikavuta pumzi polepole kama alivyovuta, nikaikata ghafla, nikaishikilia, halafu nikaiachia kwa filimbi ndefu ya puani.

Nilipofumbua macho binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na pengo lake, hajui acheke au akimbie.

"Kuya, ikala hapa," Mama akamwambia, akimsogezea nafasi kwenye kigoda. "Iko mama yako mudogo, Numbi. Haukumujua. Mama yako anatuonyesha."

Mtoto akakaa. Mama akajipangusa uso kwa kitenge, akanipa ishara kwa kidevu.

"Fanya tena."